Joto Chini, Upepo Juu: Vidokezo 15 vya Kufunga Hita za Viti kwenye MGB ya Zamani

Shangazi yangu alipokuja Uingereza mara ya kwanza kutoka Tanga, nilimtoa matembezi kwa gari langu la wazi, MGB ya mwaka 1969. Ilikuwa Oktoba, jua linang'aa, barabara kavu, na vilima vya Derbyshire vimegeuka rangi ya kahawia na dhahabu. Nikakunja turubai ili aone vizuri. Alikuwa amejifunga kanga juu ya koti, na nyingine kichwani. Hatukwenda mbali akanigusa bega. "Mwanangu, gari lako zuri, lakini baridi hii imeshaingia kwenye mifupa. Nirudishe nyumbani."

Nikageuza gari. Majira ya baridi yaliyofuata niliyamalizia gereji, nikafunga hita kwenye viti vyote viwili. Ninayoyaandika hapa ni yale niliyojifunza, pamoja na yale ambayo ningependa mtu angeniambia kabla sijashika bisibisi.

Nazungumzia MGB kwa sababu ndiyo ninayoijua, na kwa sababu ziko nyingi: kiwanda cha Abingdon kilitoa zaidi ya nusu milioni kati ya 1962 na 1980. Lakini mengi yatamfaa pia mwenye Triumph, MG Midget, au gari lolote dogo la Kiingereza la enzi hizo lenye vifaa vya umeme vya kampuni ya Lucas. Na asikwambie mtu kwamba gari hili ni la kiangazi tu. Mwaka 1964 ndugu wawili, Don na Erle Morley, walishinda daraja la magari ya GT kwenye mashindano ya Monte Carlo kwa MGB, katikati ya msimu wa theluji.

1. Anza na hita uliyonayo

Wengi wanaolia baridi ndani ya MGB wana hita mbovu na hawajui. Gari lilipoingia sokoni mwaka 1962 hita ilikuwa kitu cha kulipia zaidi, na hata iliyofungwa haikuwa ya kifahari. Ikishazeeka miaka 50 hutoa pumzi tu.

Kagua koki ya maji ya moto iliyo nyuma ya injini. Waya wake wa kuvutia hushika kutu, koki ikabaki imefunguka nusu. Hita yenyewe hujaa tope la kutu: fungua mipira yake miwili, sukuma maji safi kwa upande wa kinyume hadi yatoke meupe. Tazama pia thamostati. Ya nyuzijoto 82 ndiyo ya kawaida. Ya 88 hufaa wakati wa baridi. Kisha inama uangalie sakafu. Kila tundu lililopoteza kizibo chake cha mpira ni njia ya upepo kuja miguuni.

Kazi hii ni ya Jumamosi moja na haina gharama kubwa. Ukiiruka, kiti kitabebeshwa mzigo usio wake.

2. Jua kwa nini kiti ndicho kinachofaa gari la wazi

Hita ya kawaida hupasha hewa, na turubai likikunjwa upepo huichukua hewa hiyo kabla haijafika kifuani. Kiti hakina habari na hewa. Kinapasha mgongo, kiuno na mapaja, pale pale mwili ulipokiegemea. Ndiyo maana unaweza kuendesha gari bila paa kwenye nyuzijoto 5, uso umekauka kwa upepo, na bado ukawa na raha.

Wala si jambo la karne nyingine unaloliingiza kwenye gari la kale. Cadillac waliuza hita za viti mwaka 1966, na Saab wa Sweden wakaziweka kwenye magari yao ya mwaka 1972. MGB bado ilikuwa inaundwa.

3. Kuna viti visivyopaswa kufunguliwa

Kama MGB yako ni ya miaka ya mwanzo na bado ina ngozi yake ya kiwandani, yenye mshono wa kiwandani, iache. Ngozi ya miaka 60 ukiivua kwenye fremu hupasuka kama mkate mkavu, na hakuna fundi atakayekurudishia ile ile. Kwa gari la namna hiyo nunua mto wa hita unaotandikwa juu ya kiti na kuchomekwa kwenye tundu la kiwashio cha sigara. Hauna umbo la kupendeza, lakini jioni unautoa na gari linabaki lilivyokuwa.

Viti vilivyokwisha kushonwa upya, au vile vya ngozi bandia vya miaka ya 1970 ambavyo vifuniko vyake vipya bado vinauzwa, hivyo vifungue bila wasiwasi.

4. Piga hesabu ya umeme kabla ya kununua

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Seti ya kawaida ya kiti kimoja, pedi ya kukalia na pedi ya mgongoni, hula kama wati 50 ikiwa imepandishwa hadi mwisho. Gawanya wati kwa volti upate ampea: 50 kwa 12 ni 4 na kidogo. Viti viwili ni ampea 8 na ushee. Kwa gari la leo hizo si kitu. Kwa MGB inategemea nani anazizalisha.

MGB za mwanzo zina dinamo ya Lucas C40. Ikizunguka vizuri inatoa ampea 22, na injini ikinguruma polepole kwenye taa nyekundu haitoi karibu chochote. Sasa chukua jioni ya mvua mwezi Novemba. Taa za mbele, hata zikiwa zimeshushwa, zinakula kama ampea 8. Taa ndogo na za nyuma, 2 au 3. Waipa 3 hivi, feni ya hita 4 hivi, na koili ya kuwashia injini karibu 4 nyingine. Jumla imeshakaribia 22 na hujagusa swichi ya kiti. Ukiongeza zile 8, pengo linazibwa na betri. Betri haitakudai usiku huo. Itakudai kesho asubuhi, stata itakapolia mara moja na kunyamaza.

Gari langu lina altaneta ya Lucas ya ampea 34, na hiyo inatosha, bila ziada ya kujivunia. Mwenye dinamo ana njia tatu. Ya kwanza ni kutumia kiti kimoja kimoja, tena kwa moto mdogo, na kukizima gari likisimama. Ya pili ni kubadilisha balbu za taa ndogo na za nyuma kuweka za LED, ambazo hula sehemu ndogo tu ya umeme ule. Ya tatu ni altaneta. Siku hizi zipo zilizofichwa ndani ya umbo la dinamo, kiasi kwamba anayefungua boneti haoni tofauti. Kama unalipenda gari lako na unalitumia usiku, mimi ningechukua ya tatu.

5. Chanya au hasi?

Hadi mwaka 1967 MGB ziliunganishwa chanya kwenye bodi, kinyume cha magari karibu yote ya leo. Pedi ya kiti haijali umeme unaingilia wapi, maana kazi yake ni kupata moto tu. Wanaojali ni wenzake: kisanduku cha kudhibiti joto, taa ndogo ya LED ndani ya swichi, na rilei yenye dayodi. Ukiviunganisha kinyume, vingine havitawaka na vingine vitaungua.

Usiamini mwaka wa gari wala kitabu cha mwongozo, kwa sababu magari mengi yamegeuzwa na wenye mali waliokutangulia. Nenda kwenye betri, fuata waya mnene ulioshikizwa kwenye bodi, uone umetoka kwenye alama gani. Kama ni chanya na hutaki kuligeuza gari, tafuta seti yenye swichi na thamostati za kawaida zisizo na elektroniki, na umweleze muuzaji waziwazi kabla hajakufungia mzigo.

Kingine cha betri: MGB nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwisho wa 1974 zina betri mbili za volti 6, zimelala nyuma ya viti, moja kila upande wa shafti, zimeunganishwa mfululizo kupata 12. Ukichukua umeme katikati, pale zinapoungana, utapata volti 6 na kiti kitakuwa baridi kama jiwe la mtoni. Chukua mwishoni mwa mfululizo.

6. Kaboni au waya

Pedi za waya zina uzi mrefu wa chuma uliopindwapindwa kwenye kitambaa. Ni za bei nafuu na zinafanya kazi, ila uzi ukikatika mahali pamoja pedi nzima inakufa. Pedi za nyuzi za kaboni husambaza joto kwa usawa zaidi, ni laini, na huwezi kuzihisi ukikalia. Viti vya MGB ni vyembamba, mtu anahisi kila kitu kilicho chini ya kifuniko, kwa hiyo nilichagua kaboni na sijajuta.

Chochote utakachochukua, hakikisha kina moto wa ngazi mbili au zaidi, thamostati iliyoshonwa ndani ya pedi, fyuzi, na rilei. Seti isiyo na thamostati iache dukani hata kama wanaitoa bure.

7. Kutoa kiti ni mazungumzo na kutu

Bolti za viti zimepenya sakafu na chini zimepokea maji na chumvi ya barabarani tangu gari liwe jipya. Usiku wa kuamkia kazi zipulizie mafuta ya kulegeza kutu, juu na chini, kisha ulale. Asubuhi sukuma kiti mbele ufungue bolti za nyuma, kirudishe nyuma ufungue za mbele. Ikigoma, usitie nguvu ya hasira. Ikaze kidogo kwanza, halafu legeza, halafu kaza tena, mpaka ianze kutembea.

Chini ya reli utakuta vipande vya mbao. Wageni huvidhania ni takataka za fundi fulani na kuvitupa, kumbe viliwekwa kiwandani kunyanyua reli. Kama vimeoza, chonga vingine kwa kipimo kile kile.

Piga picha kila hatua. Kifuniko kikishavuliwa, vibanio vyote vinafanana.

8. Sponji kwanza, hita baadaye

Ukifungua kiti cha miaka mingi, sponji hutoka vumbi la rangi ya chai. Usilaze pedi mpya juu ya sponji inayokufa. Itabonyea, pedi itafuata mabonde yake, na mahali inapokunjika joto hujikusanya. Sponji mpya za MGB zinapatikana tayari zimekatwa kwa umbo la kiti. Kagua pia ule mpira unaobeba makalio na kulabu zake. Ukichanika utajikuta unaendesha huku macho yako yakiwa sawa na usukani.

9. Kulaza pedi

Keti kwenye kiti kabla hujakivua, mwombe mwenzako achore kwa chaki pale mwili wako unapogusa. Mipaka hiyo ndiyo shamba lako. Usipande pembeni kwenye mabega ya kiti, maana hapo ndipo mtu anapoburuta mwili akiingia na kutoka, na gari hili liko chini sana, anaburuta kweli.

Pedi inakaa juu ya sponji, chini ya kifuniko. Ilaze bila kunjo hata moja. Gundi iliyokuja nayo mgongoni inatosha; ile gundi ya kopo usiipake juu ya sehemu inayopata moto. Ya kaboni inaweza kupunguzwa kwa mkasi pale mtengenezaji alipoonyesha, bila kugusa kamba za shaba za pembeni. Ya waya usiikate hata kidogo.

Mstari ambao kiti hujikunja, pale mgongo unapokutana na makalio, uache wazi. Hizo ni pedi mbili tofauti kwa sababu hiyo hiyo. Na kuanzia siku hiyo hakuna mtu kupiga magoti kwenye kiti akifunga turubai. Goti linaweka uzito wote wa mwili mahali padogo, na pedi nyingi hufa hivyo.

10. Waya, fyuzi na rilei

Kabla ya yote, toa waya wa bodi kwenye betri. Betri inayochajiwa hutoa gesi inayolipuka, na hapa iko nyuma ya kiti unachokifanyia kazi.

Lucas walikuwa na lugha yao ya rangi, na ukishaijua gari linajieleza lenyewe. Kahawia ni umeme wa betri usiozimika. Nyeupe huja ufunguo ukiwashwa. Kijani ni huo huo wa ufunguo baada ya kupita kwenye fyuzi. Zambarau ni wa betri uliopita kwenye fyuzi. Nyeusi ni bodi. Nunua waya wa rangi hizo hizo kwa nyongeza yako, ili atakayelimiliki gari baada yako asikulaani.

Kishawishi kikubwa ni kuunganisha hita kwenye waya wa kijani, maana uko karibu. Usifanye hivyo. Fyuzi ile tayari imebeba waipa, feni, taa za breki, indiketa na geji ya mafuta. MGB za mwanzo zina fyuzi mbili tu kwa gari zima. Ukiizidishia, itakatika usiku wa mvua, na utapoteza waipa na taa za breki kwa pamoja.

Njia salama ni rilei. Ina miguu minne yenye namba. 30 unapokea umeme wa betri kupitia fyuzi yake mpya. 87 unaupeleka kwenye swichi za viti. 86 unaamshwa na waya wa kijani, na kwa kazi hiyo tu kijani kinatosha, kwa sababu rilei inahitaji umeme kidogo mno. 85 unakwenda kwenye bodi. Hapo ufunguo ukizimwa viti vinazimika vyenyewe, hata ukisahau.

Fyuzi ya ampea 15 inatosha viti viwili. Iweke karibu na betri, shubiri moja tu. Fyuzi inalinda waya ulio mbele yake. Kipande kilicho kati ya betri na fyuzi hakina mlinzi, kwa hiyo kiwe kifupi. Waya wa milimita za mraba 2 unabeba mzigo huu bila kutoka jasho. Kwa kuwa betri ziko nyuma ya viti, safari nzima ni fupi, na hiyo ni neema ambayo magari mengine hayana.

Waya unapopita kwenye bati, uvishe mpira kwenye tundu. Tumia matundu yaliyopo. Chini ya kiti acha urefu wa ziada, kisha sogeza kiti mbele hadi mwisho na nyuma hadi mwisho, ukichungulia kama reli inaubana. Weka soketi ya kuchomoa chini ya kiti, ili siku ya kukitoa tena usihitaji mkasi. Na vile vibanio vya plastiki vinavyong'ata waya bila kuumenya, viache. Hushika unyevu, na gari la turubai halikosi unyevu.

11. Swichi: mkono usiguse drili

Dashibodi ya chuma ya MGB ya miaka ya 1960 ni uso wa gari. Ukishaitoboa, umeitoboa daima. Nilitengeneza kipande cha bati, nikakifunga chini ya dashibodi kwa skrubu zilizokuwapo, na swichi mbili zikakaa hapo, zisionekane na aliyesimama nje. Wenye kisanduku cha katikati mara nyingi wana nafasi tupu ya swichi iliyozibwa na plastiki. Hiyo ni zawadi.

Hili lina uzito hata nyumbani Afrika Mashariki. Pale Nairobi kuna mashindano ya Concours d'Elegance, yaliyoanzishwa na Alfa Romeo Owners Club mwaka 1970, ambako magari hukaguliwa mpaka chini ya tumbo. Asubuhi za Julai kule Limuru kuna baridi ya kutosha kumfanya mwenye gari la wazi atamani joto la kiti. Akiifunga hita bila kutoboa kitu, anaweza kuitoa na gari likaenda mbele ya waamuzi kama lilivyotoka Abingdon.

12. Pima kabla hujafunga

Chukua mita ya umeme, pima ukinzani wa seti ya kiti. Wati 50 kwa volti 12 ni omu 3 kasoro kidogo. Ukisoma sifuri kuna shoti. Ukisoma hakuna kitu, kuna waya uliokatika. Kisha washa kwa dakika 5 pedi zikiwa wazi zimelala kwenye sponji, upitishe kiganja taratibu. Joto liwe sawa kila mahali. Doa moja lenye moto kuliko jirani zake ni kunjo au kasoro, na pedi hiyo irudi dukani. Pima tena injini ikiwa inazunguka, maana altaneta hupandisha volti hadi karibu 14, na ampea zitazidi kidogo hesabu ya karatasi.

Mimi sikupima kiti cha kwanza. Nilikifunga kwa furaha, vibanio vyote, kisha nikagundua pedi ya mgongoni haipati moto. Ilinigharimu siku nzima kukifungua tena.

13. Mfikirie asiyehisi joto

Hiki ndicho kidokezo ninachokiomba usikiruke.

Shangazi ana kisukari. Miaka mingi sasa nyayo zake hazihisi mchanga wa moto, na alinieleza jambo hilo kama mtu anayeeleza hali ya hewa. Mwili wa namna hiyo hautoi ilani. Ngozi ikikaa kwenye nyuzijoto 44 kwa saa 6 huungua, na kadiri joto linavyopanda, saa hizo hugeuka dakika. Mtu mwenye hisia kamili atajisogeza mapema. Mwenye kisukari kilichogusa mishipa ya fahamu, aliyeumia uti wa mgongo, au aliyemeza dawa za usingizi, ataendelea kukaa.

Kwa hiyo kwenye gari langu kiti cha abiria kimefungiwa moto mdogo tu. Ile ngazi ya juu nimeikata kabisa. Akipanda mgonjwa, nakiwasha dakika 10 kabla hajaingia, kisha nakizima akiketi, akae kwenye uvuguvugu uliobaki. Simtandikii blanketi chini, kwa sababu huzuia joto na kulikusanya kwenye pedi. Na nilimfundisha shangazi apime kwa kiganja kabla ya kukaa, kwa kuwa viganja vyake bado vinahisi. Kiti cha mtoto nacho kisiwekwe juu ya pedi iliyowashwa.

14. Waambie bima

Andika barua fupi kwa kampuni ya bima kueleza ulichoongeza, na uhifadhi jibu lao. Chora mchoro wa waya zako kwenye karatasi, uuweke pamoja na hati za gari.

15. Siku ya kwanza barabarani

Washa injini, iache ipate moto, gari lianze kutembea, ndipo uwashe viti. Dakika 5 za moto mkubwa, kisha shusha. Madirisha ya pembeni yapandishe hata kama turubai limekunjwa; hukata upepo wa mabegani kuliko unavyotarajia. Glavu vaa, kwa sababu usukani bado ni barafu. Ukiona taa za mbele zinafifia kwenye makutano, zima kiti cha abiria kwanza, kisha chako.

Shangazi alirudi mwaka uliofuata, tena Oktoba. Nilimwamkia, akaitikia, akauliza kama lile gari bado lipo. Tulikwenda hadi Monsal Head, kwenye vilima vile vile vya Derbyshire, turubai limekunjwa njia nzima. Akashuka, akasimama ukingoni na kanga zake mbili akitazama lile daraja la zamani la reli lililovuka bonde kwa matao yake ya mawe, na hakusema lolote kwa muda mrefu. Aliporudi kwenye gari hakuingia mara moja. Aliinama, akaweka kiganja kwenye kiti, akakiacha hapo.

"Bado kina uvuguvugu," akasema, akaketi, akavuta mlango. "Twende mbele kidogo."